Timu ya Chuo Haiinuliwi kwa Jina la Kocha

Katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani kuna imani iliyoota mizizi kiasi kwamba wachache hujisumbua kuihoji. Timu ya mpira wa kikapu ikidorora miaka mitatu minne, viti vikibaki vitupu na wafadhili wakianza kunung'unika, dawa inayotajwa kwanza ni moja: leteni kocha mwenye jina. Awe ni mtu aliyewahi kutwaa ubingwa wa taifa, au aliyefundisha NBA, au gwiji aliyeichezea timu hiyo ujanani akapata sifa dunia nzima. Hoja ya wanaoamini hivyo inaeleweka. Jina, wanasema, litarudisha televisheni. Televisheni itarudisha mashabiki. Mashabiki watarudisha fedha. Na vijana wenye vipaji, wakisikia nani anawaita, watakuja wenyewe. Makala hii inapinga imani hiyo. Sidai kwamba kocha hana maana. Kocha ana maana kubwa mno, na ndiyo sababu asichaguliwe kwa kigezo kibovu. Ninachodai ni kwamba umaarufu ni kitu kimoja na ufundi wa kuinua timu iliyoanguka ni kitu kingine; kwamba chuo dhaifu kinapolipia cha kwanza mara nyingi hukikosa cha pili; na kwamba hata pale gwiji alipofanikiwa, ukichunguza vizuri utakuta kilichofanya kazi si jina lake.

Mahali pazuri pa kuipima imani hii ni Lubbock, mji wa magharibi mwa Texas, kilipo chuo kikuu cha Texas Tech. Katika msimu wa 2000/2001 timu yake ilishinda mechi 9 na kufungwa 19. Chuo kilikuwa na ukumbi mpya, uliofunguliwa mwaka 1999, na hakikuwa na timu ya kuujaza. Basi kikamchukua Bob Knight, mtu aliyeiletea Indiana ubingwa wa taifa mara tatu, na ambaye Indiana ilikuwa imemfukuza miezi michache tu kabla. Kama kulikuwa na jina katika mchezo huo, ndilo hilo. Na tuseme haki: mambo yalibadilika. Msimu wa kwanza Texas Tech ilishinda mechi 23 na kufungwa 9, ikaingia mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, mashindano ambayo leo huchukua timu 68 tu kati ya zaidi ya 350 za daraja la kwanza. Katika misimu sita kamili ya Knight iliingia mara nne. Wanaotetea majina makubwa husimama hapo, wakaona kesi imekwisha. Lakini tuendelee kusoma. Upeo wa Knight pale ulikuwa hatua ya timu 16, mwaka 2005. Hatua hiyo hiyo Texas Tech ilikwishaifikia mwaka 1996 chini ya James Dickey, kocha ambaye nje ya Texas wachache walimjua, katika msimu wa kushinda mechi 30 na kufungwa 2. Knight aliirudisha timu ilikowahi kufika. Hakuipitisha hapo.

Kilichofuata ndicho kinachofundisha zaidi. Knight alijiuzulu Februari 2008, katikati ya msimu, na mwanawe Pat akashika nafasi yake. Jina la ukoo lilibaki mlangoni, lakini timu haikuingia tena mashindano ya taifa katika miaka yake yote. Mwaka 2011 chuo kikatafuta jina jingine: Billy Gillispie, aliyewahi kuwa kocha wa Kentucky, moja ya timu kubwa kuliko zote nchini. Alishinda mechi 8 na kufungwa 23, kati ya hizo akishinda moja tu ya ligi kati ya 18, na akaondoka kabla ya msimu wa pili kuanza. Mwaka 2013 likaja jina la tatu, Tubby Smith, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa taifa na Kentucky mwaka 1998. Huyu alifanya kazi ya heshima. Kwa miaka mitatu aliitoa timu shimoni, akaifikisha mashindano ya taifa mwaka 2016, kisha akahamia Memphis. Kwa hiyo ndani ya miaka 15 chuo kimoja kiliajiri makocha watatu waliokuwa na majina makubwa kabla ya kufika, na hakuna aliyeivusha timu hatua ya timu 16. Mmoja aliinua kwa muda, mmoja aliporomosha, mmoja alisafisha kisha akaondoka. Kama jina lingekuwa dawa, Lubbock ingepona mara tatu.

Aliyekuja baada yao ni Chris Beard. Mashabiki waliotaka jina hawakuwa na la kushangilia. Alikuwa kocha msaidizi pale pale Lubbock kwa miaka kumi, kisha akafundisha timu ndogo ya kulipwa, halafu McMurry na Angelo State, vyuo ambavyo hata Texas kwenyewe havitajwi sana. Mwaka 2015 alikwenda Little Rock, iliyotoka kushinda mechi 13 na kufungwa 18; kwa msimu mmoja akashinda 30 na kufungwa 5. Huo ndio wasifu wake: mtu aliyeshika timu zilizo chini akaziinua. Texas Tech chini yake ilifika hatua ya timu nane mwaka 2018, na mwaka 2019 ikafika fainali ya taifa, ikafungwa na Virginia 85 kwa 77 baada ya muda wa nyongeza. Tazama kikosi chenyewe. Nyota wake, Jarrett Culver, ni kijana wa Lubbock penyewe ambaye vyuo vikubwa havikumgombania. Matt Mooney alihamia kutoka South Dakota, Tariq Owens kutoka St. John's, Davide Moretti alitoka Italia. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya picha ya kocha kwenye gazeti. Walifundishwa ulinzi wa aina moja, wakaurudia hadi ukawa tabia: mwenye mpira asiachwe kupenya katikati ya uwanja, asukumwe pembeni kuelekea mstari wa mwisho, ambako mstari wenyewe humbana na mlinzi wa pili tayari anamsubiri. Michigan State, timu yenye mazoea ya kufika mbali, iliishia pointi 51 mbele ya ulinzi huo kwenye nusu fainali.

Najua jibu litakalotolewa, nalo si jepesi. Watasema Beard alifundwa na Knight. Bila Knight kuja Lubbock, Beard asingekuwepo. Kwa hiyo jina lilizaa matunda, ila yalichelewa. Ni kweli kwamba alifundwa pale. Lakini jibu hilo linakubali hoja yangu bila kutaka. Alichochukua Beard kwa Knight ni ufundi: jinsi ya kufundisha ulinzi, jinsi ya kupanga mazoezi, jinsi ya kudai nidhamu. Jina halirithiwi, kama lingerithiwa, Pat Knight ndiye angefika fainali. Tena tazama kilichotokea Beard alipohamia chuo kikuu cha Texas mwaka 2021. Texas Tech kilimpandisha msaidizi wake, Mark Adams, mzee aliyebuni sehemu kubwa ya ulinzi ule, na mwaka uliofuata timu ikafika hatua ya timu 16. Mwaka 2023 kikamchukua Grant McCasland kutoka North Texas, mtu mwingine aliyejenga timu ndogo hadi ikawatoa wakubwa, naye akafika hatua ya timu nane mwaka 2025. Makocha watatu mfululizo wasio na jina kubwa walipofika, na timu haikuanguka Beard na Adams walipoondoka, kwa sababu chuo kilikuwa kimejifunza aina ya mtu wa kumtafuta, na kilikuwa kimejenga jumba jipya la mazoezi na kupata wafadhili wa kudumu. Knight alipoondoka, chuo kilibaki na ukuta mtupu. Hawa wawili walipoondoka, kazi iliendelea.

Sasa tuulize swali ambalo wapenda majina hawaliulizi: kwa nini kocha maarufu akubali kuja kwenye timu dhaifu? Aliye kileleni hana sababu ya kushuka. Ana wachezaji, ana mshahara, ana mkataba ambao kuuvunja kunagharimu mamilioni ya dola. Mwaka 2019 hata UCLA, chuo chenye mataji 11 ya taifa, kilipomtafuta kocha kilikataliwa na wakubwa. John Calipari alibaki Kentucky, Rick Barnes alibaki Tennessee, na Jamie Dixon akazuiwa na fidia ya mkataba wake na TCU. Kama UCLA inakataliwa, chuo cha mkiani kitaonekanaje? Anayepatikana kwa chuo dhaifu kwa kawaida ni yule ambaye soko limemwachia: aliyefukuzwa, aliyezeeka, aliyekaa bila kazi, au mwenye tuhuma. Knight alikuwa amefukuzwa Indiana. Gillispie alikuwa amefukuzwa Kentucky. Wakati mwingine mtu wa namna hiyo bado ana nguvu, lakini chuo kinapaswa kujua kinanunua nini. Sifa anazolipiwa zilipatikana mahali pengine, kwa wachezaji wengine na fedha nyingine, na mara nyingi miaka mingi iliyopita. Waswahili walikwisha kusema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na UCLA? Walimchukua Mick Cronin kutoka Cincinnati, chaguo lililopokewa kwa ubaridi. Mwaka 2021 aliipeleka timu kutoka mechi za mchujo wa awali hadi nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Gonzaga katika muda wa nyongeza.

Kuna tawi jingine la imani hii, nalo limeumiza vyuo zaidi: kumwajiri gwiji aliyewahi kuichezea timu. Houston ilimwajiri Clyde Drexler mwaka 1998, yule aliyecheza pamoja na Hakeem Olajuwon katika kikosi kilichotikisa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuwa amewahi kuwa kocha. Kwa misimu miwili alishinda mechi 19 na kufungwa 39. St. John's ya New York ilimwita Chris Mullin mwaka 2015. Msimu wa kwanza alishinda 8 na kufungwa 24, na baada ya misimu minne aliondoka akiwa amefungwa mara nyingi kuliko kushinda. Georgetown ilimwita Patrick Ewing mwaka 2017, mtu aliyekipa chuo hicho ubingwa wake pekee, mwaka 1984. Aliondoka na ushindi 75 na vipigo 109, ukiwamo msimu ambao timu haikushinda hata mechi moja kati ya 19 za ligi. Hakuna anayeweza kutilia shaka mapenzi ya watu hawa kwa vyuo vyao, wala ukubwa wao uwanjani. Lakini kuwa hodari wa kucheza hakumpi mtu ujuzi wa kupanga mazoezi ya vijana wa miaka 19, kupima mchezaji wa kumsajili, kumtuliza anayetaka kuhama, na kusimamia wasaidizi. Wanaotetea majina husema hawa si mfano wa haki kwa sababu walikuwa majina ya wachezaji, si ya makocha. Nakubali tofauti hiyo ipo. Lakini fikra iliyowaajiri ni ile ile: kwamba watu wakilijua jina, mengine yatajipanga yenyewe.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ina majina mawili: Rick Pitino na Kelvin Sampson. Pitino alifika St. John's mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 70, na msimu wa 2024/2025 akashinda mechi 31 na kufungwa 5, akakipa chuo ubingwa wa peke yake wa msimu wa ligi ya Big East kwa mara ya kwanza tangu 1985. Sampson alifika Houston mwaka 2014, kwenye timu ambayo haikuwa imeshinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa tangu 1984, akaifikisha nusu fainali ya taifa mwaka 2021 na fainali mwaka 2025. Mafanikio hayo ni ya kweli na ni makubwa. Lakini tuyatazame kwa karibu. Kabla ya kuwa jina, Pitino alikuwa kijana aliyeikuta Providence mwaka 1985 ikitoka kufungwa mechi 20 katika msimu mmoja, na ndani ya miaka miwili akaifikisha nusu fainali ya taifa. Sampson alianza Montana Tech, chuo kidogo katika mji wa machimbo wa Butte, kisha Washington State, ambako kushinda ni kazi ngumu hata leo. Hawa wawili ni wainuaji wa timu ambao baadaye walipata jina. Chuo kilichowaajiri kilipata ufundi huo, na jina likaja nao. Ukitaka kuthibitisha kwamba jina lenyewe halikuwa sababu, angalia msimu wa kwanza wa Sampson pale Houston: ushindi 13, vipigo 19. Jina lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ushindi ulisubiri kazi.

Tena kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Houston ilifungua jumba la mazoezi la dola milioni 25 mwaka 2016, na mwaka 2018 ikafungua upya ukumbi wake wa zamani baada ya ukarabati wa dola milioni 60, ambapo mfadhili Tilman Fertitta alitoa milioni 20. Drexler alipewa mapenzi ya mji. Sampson alipewa mapenzi, matofali, fedha na miaka. Kwa upande wa St. John's, Pitino mwenyewe alilalamika hadharani kuhusu ubovu wa majengo ya chuo, kwa hiyo mtu anaweza kusema yeye alifaulu bila msingi. La hasha. Tajiri Mike Repole, mhitimu wa chuo hicho, alifungua mfuko wake kulipia wachezaji, na wachezaji wazoefu wakahamia kutoka vyuo vingine. Katika zama hizi fedha ya wachezaji ni sehemu ya msingi sawa na ukumbi. Mullin hakuwa nayo, maana wakati wake malipo hayo yalikuwa marufuku. Na hata hivyo, mwisho wa msimu ule mkubwa, timu ya Pitino ilitolewa na Arkansas katika raundi ya pili, ikiingiza mitupo 2 tu ya pointi tatu kati ya 22. Katika fainali ya mwaka huo Sampson alifungwa kwa pointi mbili, 65 kwa 63, na Florida ya Todd Golden, aliyekuwa na umri wa miaka 39, ambaye Florida ilimtoa chuo kikuu cha San Francisco mwaka 2022. Siku hiyo jina dogo ndilo lililoondoka na kombe.

Watasema, haya, lakini wachezaji je? Kijana wa miaka 18 hufuata jina. Hoja hii ilikuwa na uzito zamani kuliko leo. Tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Tangu makubaliano yaliyoidhinishwa mahakamani Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kijana na wazazi wake sasa huuliza mambo matatu: nitalipwa kiasi gani, nitacheza dakika ngapi, na nitakuwa bora kiasi gani nikitoka hapa. Umaarufu wa kocha haujibu hata moja kati ya hayo. Louisville ndiyo ushahidi ulio wazi kabisa. Mwaka 2022 ilimwajiri Kenny Payne, mchezaji wake wa kikosi cha mabingwa wa 1986, aliyesifiwa kote kwa kuvuta vipaji alipokuwa msaidizi Kentucky. Kwa misimu miwili alishinda mechi 12 na kufungwa 52. Mwaka 2024 akaja Pat Kelsey kutoka College of Charleston. Alikusanya kikosi kipya karibu chote: Chucky Hepburn kutoka Wisconsin, Terrence Edwards kutoka James Madison, Reyne Smith aliyemfuata kutoka Charleston. Ukumbi ule ule, mashabiki wale wale, na timu iliyotoka kushinda 8 na kufungwa 24 ikashinda 27 na kufungwa 8. Kilichobadilika ni ujuzi wa mtu anayejua ni mchezaji yupi anafaa kucheza na yupi.

Jina kubwa lina gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye mkataba, nayo ni muda. Kocha aliyekwisha kupata kila kitu haji kukaa miaka 20, na chuo kinachomleta kinajua hivyo, kwa hiyo kila kitu hufanywa kwa haraka. SMU ya Dallas ilimwajiri Larry Brown mwaka 2012, kocha pekee aliyewahi kutwaa ubingwa wa NCAA na ule wa NBA. Timu iliyokuwa haijaingia mashindano ya taifa tangu 1993 iliingia mwaka 2015. Lakini Septemba mwaka huo NCAA ilikifungia chuo kushiriki mashindano ya baada ya msimu na kumfungia Brown mechi 9, kufuatia udanganyifu wa kimasomo uliomhusu mchezaji mmoja. Msimu uliofuata SMU ilishinda mechi 18 za kwanza mfululizo na kumaliza na ushindi 25 na vipigo 5, halafu vijana wale wakarudi nyumbani mwezi Machi bila kosa lao wenyewe. Julai 2016 Brown akaondoka. Aliyebaki ni msaidizi wake, Tim Jankovich, ambaye msimu uliofuata alishinda mechi 30 na kufungwa 5. Sisemi kila kocha maarufu huleta adhabu. Hiyo ingekuwa dhuluma. Nasema chuo dhaifu kinapomleta mtu mkubwa kuliko chuo chenyewe, ni vigumu mkurugenzi wa michezo kumwambia hapana, na pale ambapo hakuna wa kusema hapana, wanaolipa mwishoni ni wanafunzi.

Kinyume chake ni njia ndefu, na kwa Waswahili ina sura tunayoijua. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipoingia chuo kikuu cha Connecticut mwaka 2006, aliikuta moja ya timu kubwa za Marekani. Akafika nayo nusu fainali ya taifa mwaka 2009, kisha akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka huo. Lakini miaka 20 kabla yake Connecticut ilikuwa timu ya kufungwa. Mwaka 1986 ilimchukua Jim Calhoun kutoka Northeastern ya Boston, ambako alikuwa amekaa miaka 14 akijenga timu iliyoingia mashindano ya taifa mara tano bila nchi kumjua. Msimu wa kwanza alishinda mechi 9 na kufungwa 19. Chuo hakikutafuta jina. Kilimwacha afanye kazi na kikafungua ukumbi mpya mwaka 1990, mwaka ambao timu ilitwaa ubingwa wa Big East. Ubingwa wa taifa ukaja mwaka 1999, kisha 2004, kisha 2011. Duke nayo mwaka 1980 ilimchukua Mike Krzyzewski kutoka timu ya jeshi iliyotoka kushinda 9 na kufungwa 17, na baada ya misimu mitatu alikuwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Mkurugenzi wa michezo Tom Butters alimlinda dhidi ya waliotaka afukuzwe. Yaliyofuata ni mataji matano. Leo majina ya Calhoun na Krzyzewski ni makubwa. Vyuo vyao viliyatengeneza.

Linabaki jibu la mwisho la wapenda majina, na ndilo la dhati kuliko yote: mashabiki wamekata tamaa, na jina linawapa tumaini la kuanzia. Sidharau tumaini hilo. Watu wanaokaa katikati ya viti vitupu wakiangalia timu yao ikipigwa mwaka baada ya mwaka wanastahili kitu cha kushika. Lakini lazima tuseme wazi nani ananufaika kwanza. Siku ya kumtambulisha kocha, ukumbi ukiwa umejaa na kamera zikimulika, mkurugenzi wa michezo ndiye anayepongezwa, na pongezi hizo hulipwa papo hapo. Gharama huja baadaye: mkataba mnono usioweza kuvunjwa bila fidia, wachezaji wanaoondoka pamoja na kocha, na kuanza upya kutoka sifuri. Ni kweli mshahara wa kocha haumo katika kikomo cha malipo ya wachezaji, lakini mfadhili ana mfuko mmoja, na dola aliyokwisha kuitoa kwa ajili ya jina haitoi tena kwa ajili ya mchezaji. Kumpa shabiki tumaini la mwezi mmoja kwa bei ya miaka mitano si kumheshimu.

Basi vyuo vilivyo chini vifanye nini? Kwanza, viweke ahadi kwa maandishi kabla ya kumpigia mtu yeyote simu: fedha ya wachezaji ni kiasi gani kwa mwaka, jumba la mazoezi litajengwa lini, wasaidizi watalipwa nini, na kocha atapewa misimu mingapi kabla ya kuhukumiwa. Kocha mzuri huuliza hayo kabla ya kuuliza mshahara wake. Pili, visome rekodi kwa namna nyingine. Visiulize mtu ameshinda mechi ngapi maishani. Viulize timu aliyoikuta ilikuwa wapi, alifika nayo wapi, alikuwa na fedha kiasi gani kulinganisha na wapinzani, na alirudia kazi hiyo mara ngapi. Kipimo hicho kingemwona Beard akiwa Little Rock, Kelsey akiwa Charleston, Calhoun akiwa Northeastern. Kingemwona pia Sampson na Pitino, kwa sababu hakimfungii mlango mtu maarufu; kinamtaka tu athibitishe ufundi ule ule anaodaiwa asiye maarufu. Tatu, viulize nini kitabaki siku kocha atakapoondoka, maana ataondoka. Rais wa chuo na bodi yake wakishindwa kujibu swali hilo la tatu, hawako tayari kumwajiri kocha wa aina yoyote, mwenye jina au asiye nalo, na fedha watakayoitumia kumleta gwiji itanunua siku moja ya makofi na miaka ya kulipa deni lake.